Boneti ya Mzee Sankale

Siku mliponiaga pale gerejini, Brian aliniomba niandike mahali jinsi ya kuchagua pedi na spidi ya mashine ya polishi, ili watakaokuja nyuma yenu wasianze kwa kubahatisha. Alisema simu imejaa video lakini kila fundi wa huko ana maneno yake. Nimekubali. Nimekaa hapa nyumbani Noonkopir mwezi mzima sasa, na vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havisikii hata kikombe cha chai kikiwa moto, baada ya miaka ya mtetemo wa mashine, kwa hivyo ninaandika polepole. Mtanivumilia mwandiko. Mambo ya vyeo na mishahara sitayaandika, kwa sababu hayajawahi kung'arisha gari la mtu.

Nilikuja Kitengela mwaka ambao ukame ulimaliza ng'ombe wa baba yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kazi niliyoijua ilikuwa kutembea nyuma ya mifugo kutoka Isinya mpaka mahali mvua imenyesha. Nilianza kuosha magari kando ya barabara kwa ndoo na kitambaa kilichotoka kwa shati langu kuukuu. Leo nikikumbuka kile kitambaa naona aibu. Kila gari nililoosha liliondoka na mikwaruzo ya duara, ile inayoonekana jua likipiga, na wenyewe wakinishukuru.

Bwana Gitau, mwenye gereji, alinichukua kwa sababu nilikuwa mrefu. Alitaka mtu wa kufika katikati ya paa la Nissan bila kupanda kiti. Siku ya kwanza alinipeleka nyuma, kwenye kibanda cha mabati ambacho nyinyi mnakijua kama stoo, akasema, "Utafanya na Mama Njeri. Yeye akisema jambo, ni mimi nimesema."

Mama Njeri alikuwa amepiga magoti kando ya mlango wa gari jeupe, aproni ya bluu kiunoni na kitambaa kichwani. Jina lake ni Grace Wambui. Wazazi wake walitoka Murang'a wakanunua ploti Kitengela wakati hapa palikuwa na swara. Alikuwa amenizidi miaka kama minane. Hakusimama kunisalimu. Aliinua mkono wake wa kulia, akaugeuza, akanionyesha upande wa nyuma.

"Sopa," akasema, kwa lafudhi ya Kikuyu iliyonichekesha.

"Epa," nikamjibu.

"Haya, umetosha. Kimaasai changu kimeisha hapo. Sasa weka mkono hivi kwa huu mlango. Si kiganja, kiganja cha mtu wa ndoo hakisikii kitu. Weka hii nyuma."

Nikaweka. Bati lilikuwa na joto kidogo, kama shavu la mtu aliyetoka kulala.

"Hiyo ndiyo mwisho," akasema. "Ikizidi hapo, unatoa mashine. Haijalishi nani anakuharakisha."

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na ndilo linalobeba mengine yote. Rangi ya gari ina tabaka. Chini kuna bati, juu yake praima, halafu rangi yenyewe, na juu kabisa ile ngozi ngumu inayong'aa ambayo sisi tunaiita klia. Tunapopiga polishi hatuongezi kitu. Tunapunguza klia kidogo sana mpaka mikwaruzo inakosa mahali pa kukaa. Klia nzima ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari, na ikiisha imeisha. Kinachoiunguza ni joto, na joto linatoka kwa mambo matatu: spidi, pedi, na uzito wa mkono wako.

Mashine ya zamani tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kuzunguka tu, nzito kama mtoto wa kondoo, na kitufe chake cha spidi kilikuwa na namba moja mpaka sita. Mama Njeri alinifundisha kupaka kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia, kwa pedi, kuiweka pedi kwenye gari kabla ya kuwasha, na kuitandaza kwa spidi ya moja. Ukiwasha mashine hewani, kompaundi inakwenda kwa kuta na kwa uso wa mwenye gereji. Nimeyaona yote mawili. Ikishatandaa, unapanda mpaka tatu na kufanya kazi hapo, ukitembea pole pole, kila mstari ukiingia nusu ya mstari uliopita. Nne ilikuwa ya klia ngumu, mahali pana pasipo na kona. Tano na sita alikuwa amezizibia kwa kipande cha tepu.

"Kwa nini waliweka namba kama si za kutumia?" nilimuuliza wiki ya kwanza.

"Hata jiko lako liko na moto mkubwa. Kwani wewe unapika chai kwa moto wa kuchoma nyama?"

Pedi zilikuwa tatu. Ya manyoya ya kondoo, ambayo inakula haraka na inaacha alama zake. Ya sponji ngumu, ya kazi ya katikati. Ya sponji laini, ya kumalizia. Mafundi wengi mjini walikuwa wanaanza na manyoya kwa kila gari, kama daktari anayemdunga sindano kila anayeingia. Mama Njeri alianza na laini, spidi tatu, mahali padogo penye ukubwa wa sahani. Kama mikwaruzo ilitoka, alifanya gari lote hivyo. Kama haikutoka, alipanda hatua moja, akajaribu tena. Ilimchukua nusu saa ambayo wengine hawakuitumia. Kwa manyoya alienda mara chache sana, gari likiwa limechakaa kabisa, na hata hapo kwa spidi mbili.

Kwa bampa za plastiki alishuka pia mpaka mbili, kwa sababu plastiki inashika joto na haina mahali pa kulipeleka. Kwenye kona na kwenye migongo ya bati alibandika tepu ya karatasi kwanza, kwa kuwa hapo klia hukaa nyembamba na pedi hulemea. Gari lililopakwa rangi upya alilinusa kabla ya kuligusa. Kama bado lilinuka thina, alimrudisha mwenyewe nyumbani akae nalo zaidi ya mwezi. Wengine waliondoka wamekasirika. Walirudi.

Nilifanya na yeye karibu miaka mitatu. Nilijifunza kusikiliza mashine, maana pedi ikikauka sauti inapanda. Nilijifunza kusafisha pedi kwa brashi kila baada ya upande mmoja wa gari, kwa sababu vumbi la Kitengela lina mchanga wa machimbo na saruji ndani yake, na chembe moja ikinaswa inakuchorea gari zima. Mama Njeri hakuwahi kunipigia kelele. Akiniona nimekosea alikuwa anaizima mashine ukutani, anaketi kwenye debe, anangoja nigundue kosa langu mwenyewe. Kuna siku aliketi mpaka chai ya saa nne ikapita.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka.

Ilikuwa siku ya Ijumaa. Mzee Sankale wa kule upande wa Kajiado, mfugaji mkubwa, alikuwa anamwoza binti yake kesho yake. Alileta gari lake la Kijerumani, la zamani lakini alilitunza kama jicho lake, rangi ya samawati nzito inayokaribia weusi. Ndilo lingembeba bibi harusi. Alisema atalifuata saa saba mchana. Mzee huyu alimjua baba yangu. Walichungia mahali pamoja wakiwa vijana, na nilipokuwa mdogo nilimwona akija kwetu, anakaa na baba na kuongea habari za ng'ombe. Yeye aliupita ule ukame akiwa bado na mali. Sisi tulibaki na mbuzi kumi na wawili.

Aliponiona pale gerejini na ovaroli, alinitazama kwa muda. "Wewe si ni wa Parmuat?" akauliza, akimtaja baba yangu.

"Ndiyo, mzee." Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini, vile tunavyosalimu wazee wetu.

"Kumbe uko huku unapanguza magari," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa huruma, na huruma ndiyo ilinichoma.

Mama Njeri alianza asubuhi na mapema. Saa tano alikuwa amemaliza pande zote na buti, na amefika nusu ya boneti kwa pedi laini, spidi tatu. Nusu ile ilikuwa kama maji kwenye kisima. Nusu ya pili ilikuwa bado na ukungu. Hapo akaletewa habari kwamba Njeri, mtoto wake wa miaka minne, amepanda homa kwa jirani. Alivua aproni, akaniambia, "Nampeleka kliniki hapa karibu, narudi saa sita na nusu. Wewe maliza vioo na magurudumu. Boneti uiache, nitaimaliza mwenyewe."

"Na mzee akifika?"

"Atangoja. Boneti haijui saa."

Nilimaliza vioo. Nikamaliza magurudumu. Saa sita ikafika, na saa sita na nusu, na Mama Njeri hakuwa amerudi. Bwana Gitau alikuwa ameenda benki. Nilisimama mbele ya boneti nikamwona akilini mzee Sankale akishuka na kukuta gari liko nusu, na mtoto wa Parmuat amesimama kando na kitambaa cha kupangusia. Nikataka anikute na mashine mkononi. Nikataka aende kuwaambia watu wa kwetu kwamba yule kijana si wa kupanguza.

Pedi laini ilikuwa ya polepole. Nikaifungua, nikafunga ya manyoya. Nikang'oa kile kipande cha tepu, nikaweka spidi ya tano. Nikajiambia ni dakika kumi tu, halafu nitapita na laini kuondoa alama. Kwa dakika nne hivi kazi ilienda vizuri kuliko nilivyoota. Ukungu ulikuwa unatoka mbele ya macho yangu. Halafu nikafika kwenye mgongo wa boneti, ule mstari ulioinuka katikati. Mama Njeri alikuwa ameubandika tepu upande wake tu. Upande wangu haukuwa na tepu, na mimi sikusimama kuibandika.

Niliisikia harufu kwanza. Nilipoinua mashine, palikuwa na kidonda cha kijivu juu ya ule mstari, kirefu kama kidole gumba. Klia ilikuwa imeenda, rangi ilikuwa imeenda, praima ilikuwa inanitazama.

Nataka mwelewe nilichofanya baada ya hapo, kwa sababu kuchoma rangi kunaweza kumpata yeyote. Sikupiga kelele wala sikukimbia. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa. Nilifungua pedi ya manyoya nikaitupa nyuma ya madebe. Nikafunga tena pedi laini ya Mama Njeri. Nikarudisha spidi mpaka tatu. Nikabandika tena kile kipande cha tepu juu ya tano na sita, nikakilainisha kwa kucha. Nikachukua kitambaa, nikaenda kupangusa taa za nyuma.

Walifika karibu pamoja. Mzee Sankale alitangulia, Bwana Gitau akaingia nyuma yake, na kabla hawajafika kwenye gari Mama Njeri akaja anahema, mtoto mgongoni, dawa mkononi. Mzee ndiye aliyeona. Aliweka kidole juu ya kile kidonda akakiacha hapo.

"Hii ni nini?" Bwana Gitau akauliza. "Mama Njeri, hii ni nini?"

Alisogea akatazama. Kisha akainama kuangalia mashine iliyokuwa sakafuni.

"Bwana Gitau, si mimi. Nimeacha hapa nusu. Na angalia hiyo mashine, iko tatu, iko na pedi laini. Hii hata ukiishikilia mahali pamoja mpaka jioni haiwezi toboa hivyo."

"Lakini imetoboa."

"Haijatoboa hii." Alipitisha vidole kwenye ufa kati ya boneti na kioo, akatoa kitu, akakishika kwenye mwanga. Ulikuwa unywele mmoja wa manyoya, mweupe, umelowa kompaundi. "Kuna mtu ametumia manyoya hapa."

Bwana Gitau akanigeukia. "Lemaiyan. Ni wewe?"

Mzee Sankale alikuwa ananitazama. Mama Njeri hakuwa ananitazama. Alikuwa anaangalia ule unywele, kana kwamba ananipa nafasi ya kusema bila macho yake kunibana.

"Hapana," nikasema.

Tangu siku ile nimesema maneno mengi maishani, na hilo moja bado ndilo zito kuliko yote.

Mzee Sankale alimwambia Mama Njeri kwa upole, "Mama, ungeniambia tu kwamba mtoto ni mgonjwa. Ningekuelewa. Kazi ya haraka namna hii si lazima uifanye." Halafu akamwambia Bwana Gitau, "Gari langu lingeshikwa na huyu wetu, pengine tusingekuwa hapa." Akaniwekea mkono begani. Nilisimama chini ya mkono ule.

Bwana Gitau hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mteja mkubwa amesimama mbele yake, harusi iko kesho, na mwanamke anayemwambia kwamba mashine haikufanya kile alichokiona kwa macho. Alimwambia aende nyumbani, na Jumatatu asirudi. Mama Njeri akasema, "Sawa." Akaikunja aproni yake mara nne, akaiweka juu ya debe. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Lemaiyan," akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, "ile pedi ya manyoya ioshe kabla haijakauka. Ikikauka na kompaundi haifai tena."

Akaenda. Niliitoa nyuma ya madebe nikaiosha. Bibi harusi alipelekwa kanisani na gari la mjomba wake.

Baada ya hapo ni miaka mingi ambayo nyinyi mnaijua zaidi. Nilichukua mahali pake. Nilifanya kazi yote kwa njia yake, hatua kwa hatua, labda nikifikiri kwamba nikifanya hivyo kwa uaminifu mkubwa itakuwa kama kulipa. Mashine mpya zilikuja, zile zinazotikisika huku zinazunguka, ambazo hazichomi haraka na zimefanya hata mtu mzembe aonekane fundi. Hizo mnaweza kuzipeleka nne au tano bila hofu, lakini msizoee, kwa sababu siku mtakaposhika ya zamani mkono utakumbuka namba isiyofaa. Kikaja kipimo cha unene wa rangi, kitu kidogo kama redio ya mfukoni. Kitumieni kabla, si baada. Kikionyesha namba kubwa sana mahali pamoja, hapo kuna filla chini, ile lipu ya kuzibia mabonde ya bati, na mwenye gari hajawaambia ukweli. Sisi mafundi tuna haki gani ya kushangaa?

Watu walianza kusema "mkono wa Lemaiyan". Magari yalitoka Rongai, yakatoka Namanga, wenyewe wakisema wanataka mkono wa Lemaiyan. Kila nikisikia hivyo nilikuwa najibu, "Ni kuanza na laini tu." Nikasifiwa pia kwa unyenyekevu.

Bwana Gitau alipougua nilienda kumwona mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimeamua. Niliketi kando ya kitanda nikasema, "Bwana Gitau, unamkumbuka Mama Njeri?" Akafungua macho akasema, "Huyo mama alikuwa na mkono mzuri. Sijui siku ile alipatwa na nini." Akangoja niendelee. Mke wake akaingia na uji, tukaanza kuzungumza habari za mvua. Alizikwa wiki mbili baadaye, na nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Mwaka jana, kama mnakumbuka, ilikuja pikapu ya mtu wa vitunguu kutoka Entarara, kule karibu na Loitokitok. Nyinyi mlikuwa mnacheka jinsi ilivyopigwapigwa ubavuni. Mimi nilikuwa natazama boneti. Gari lilikuwa la shamba, lakini klia ya boneti ilikuwa safi, haina mchoro hata mmoja wa duara. Nilimuuliza mwenyewe nani amelifanya.

"Ni mama mmoja jirani yetu," akasema. "Anafanyanga na mkono tu, na kitambaa laini. Hana mashine. Husema alifanya hii kazi Kitengela kitambo."

Nilienda kumtafuta mwezi wa pili mwaka huu, peke yangu, kwa gari langu dogo, nikipitia Emali. Kule maji yanapita kwenye mifereji kati ya mashamba na mlima umekaa juu ya kila kitu. Nilimkuta anapanga nyanya kwenye makreti, mvi zimemjaa, bado mwembamba. Alinitambua nikiwa bado kwenye geti.

"Umezeeka, Lemaiyan," akasema. Aliniletea stuli, akaniletea chai. Mume wake aliketi mbali kidogo kwa sababu mguu unamsumbua. Tulizungumza habari za Njeri, ambaye sasa ni mwalimu na ana watoto wake. Kisha Mama Njeri alilisogelea gari langu, akaweka mgongo wa mkono kwenye mlango, akautelezesha.

"Huu mlango mlitumia sponji ngumu na hamkurudi na laini."

"Ni kweli. Tulikuwa na haraka."

Nilipotamka hilo neno nikashindwa kuendelea na chai. Nikaweka kikombe chini nikamwambia yote: pedi, spidi, tepu niliyoibandika tena kwa kucha. Alisikiliza akiendelea kupanga nyanya, mbovu huku, nzuri kule.

"Nilijua siku ile ile," akasema nilipomaliza. "Hiyo tepu uliirudisha ikiwa imepinda. Mimi sibandiki tepu ikiwa imepinda."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilisema kuna mtu ametumia manyoya. Ukaulizwa." Aliinua nyanya moja akaigeuza. "Nilienda gereji nne, Lemaiyan. Kila mahali wananiuliza, wewe si ndiye yule mama alichoma gari ya harusi? Nkoroi nikapata ya kuosha tu, mwaka mzima, na mashine iko hapo ukutani siruhusiwi kuishika. Fundi wao anachoma watu magari nikiona. Nikiongea ananiambia nishike ndoo. Basi mama ya huyu mzee wangu akatupatia hili shamba, tukakuja."

"Nimekuja kuomba msamaha, Mama Njeri."

"Nilikusamehe zamani. Nilikuwa nataka kulala. Hiyo nilijifanyia mimi, si wewe." Sauti yake haikupanda. "Lakini ile kazi niliipenda. Huwezi nirudishia. Hata wale waliniambia hapana, utawapata wapi sasa uwaambie?"

Nilifikiri kwa haraka gereji zilizokuwapo siku zile. Mbili zimekuwa maduka, moja imevunjwa barabara ilipopanuliwa, na wenyewe wengi wamekufa.

"Siwezi kuwapata," nikasema.

"Basi ndiyo hivyo."

Nilimwomba aje siku ya kuniaga, aje mara moja tu, awaonyeshe nyinyi jinsi anavyoshika mashine. Alisema mikono yake imezoea jembe, na shamba haliachwi wakati wa kuvuna. Aliniwekea nyanya kwenye karatasi. Mume wake alinisindikiza mpaka kwenye gari akichechemea. Hakunipa mkono.

Siku mliyoniaga nilikuwa nimepanga kuwaambia. Nilisimama, mkapiga makofi, Brian akasema kwamba kila anachokijua amekipata kwa mkono wa Mzee Lemaiyan, mkanivisha blanketi jipya jekundu mabegani. Nilifungua mdomo. Nikasema asanteni, Mungu awabariki. Nikakata keki. Watu hudhani uoga ni wa ujana, kwamba mtu huuacha njiani akikua. Wangu nilikuwa nao pale pale, umri huu wote, chini ya blanketi.

Jana nilimpigia simu Mama Njeri, nikamwambia ninawaandikia, na kwamba yote yatakuwamo. Nikamuuliza kama naweza kuandika jina lake.

"Andika," akasema. "Lakini usiandike tu vile nilikosewa. Andika vile nilikuwa nafanya kazi."

Nimejaribu. Pedi laini kwanza, spidi ya tatu, mahali pa ukubwa wa sahani, mgongo wa mkono: hakuna hata kimoja hapo nilichokigundua mimi. Brian, ulichokisema mbele ya watu si kweli, na nilikuacha ukiseme. Ukiulizwa nani alikufundisha, sema ni Grace Wambui, wa Entarara. Na wakikuuliza nani alichoma boneti ya Mzee Sankale, jina langu unalijua.